Aliyekaribishwa Darajani

Sisi watu wa Tanga tuna ugonjwa mmoja ambao haujapata dawa: hatuwezi kutia tonge mdomoni mtu akitutazama bila kumwambia karibu. Awe jirani, awe mpita njia, awe askari aliyekuja kukukamata, ukiwa unakula utamkaribisha. Naye atakujibu "ahsante, nimeshiba," hata kama ana siku mbili hajaona chakula, kisha kila mmoja ataendelea na hamsini zake. Karibu hiyo hutolewa tu, haitarajiwi mtu avute kiti na kukaa. Kila mtoto wa mtaa wetu wa Makorora anajua hivyo kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Nayasema haya mapema kwa sababu yaliyomkuta jirani yetu Rukia yalianzia hapo. Na wala msitegemee niwapeleke makaburini usiku wa manane. Yalitokea saa tisa na nusu alasiri, jua likiwaka, katika jiji la Doha, juu ya boti yenye vitambaa vyeupe mezani na juisi ya limau na nanaa. Mengine nimeyasikia kwa Rukia mwenyewe, mengine kwa nahodha wao, na la mwisho nimeliona kwa macho yangu haya.

Rukia alikuwa mhudumu kwenye boti za mfereji. Kaskazini ya Doha wametengeneza mtaa mzima wa mifereji, nyumba zimepakwa rangi ya waridi, ya manjano na ya machungwa, vidaraja vimepinda juu ya maji, na maji yenyewe yametulia kama ya kwenye karai. Wenye nafasi zao hukodi boti peke yao, saa nzima, wakazungushwa humo huku wakila na kunywa. Mwenye kuchumbia anachumbia, mwenye kutimiza miaka anakata keki. Kazi ya Rukia ilikuwa kupanga sahani, kumimina karak, chai yao ya maziwa, kutabasamu, na kutosikia wageni wanachozungumza. Aliifanya vizuri sana. Kutosikia, hasa, alikuwa hodari.

Nahodha aliitwa Ndirangu, mtu wa Nyeri, mrefu, mcheshi. Kampuni yao iliwakataza kula masalio ya wageni. Sheria ilisema yatiwe kwenye mfuko mweusi yakatupwe. Lakini kutoka gati walikoshukia wageni hadi nyuma boti zinakolala palikuwa na mwendo wa dakika kumi na tano na madaraja matano, na dakika kumi na tano ni nyingi kwa watu wawili wenye njaa. Wageni wakishashuka tu, Rukia anafunua vyombo, wanakula huku boti inakwenda pole pole.

Na hapo ndipo Ndirangu alipokuwa akivunjika mbavu. Kila daraja lina watu. Mfagiaji Mnepali ameegemea ufagio wake, mlinzi wa Kiganda anapiga miayo, yaya anasukuma mtoto kwenye kigari. Rukia akikutana nao macho na kebabu iko njiani kuelekea mdomoni, lazima aseme: "Karibu!" Hawajui maana yake. Wanapunga mkono tu.

"Rukia, wewe siku moja utakaribisha hadi samaki," Ndirangu alimwambia. "Sisi kwetu mtu akikula anakula tu. Sasa hao wote wakikuja, tutawapea nini?"

"Hawaji," Rukia alijibu. "Kwani nani aliyewahi kuja?"

Katika miaka yake mitatu ya kazi ile, kuna siku moja tu Rukia alikula mbele ya mtu asimkaribishe. Mtu mwenyewe alikuwa mdogo wake, Sabra.

Huyu Sabra alikuwa wa tumbo moja naye, wamepishana miaka tisa. Kama mnakumbuka Makorora ya zamani, ndiye yule msichana mwenye jino la mbele lililokatika pembe, alilolivunja kwenye ngazi za madrasa. Jino lile lilimfanya achekeshe nyumba nzima, maana akiuma kitu huacha kinundu katikati ya mng'ato. Akidokoa andazi jikoni, mama yake halazimiki kuuliza nani. Analiangalia tu andazi. Rukia ndiye aliyemtafutia kazi za ndani, nyumba moja mtaa wa Abu Hamour, kusini ya jiji, mwaka 2014. Ndiye aliyemwambia mama yao, "Niachie mimi, mama. Nitamtazama."

Nyumba ile jiko lilikuwa na kufuli. Sabra akipewa mkate na chai asubuhi, basi, mpaka kesho. Alikuwa akimwandikia dada yake kwa simu ya kuficha, ujumbe mfupi mfupi: Dada, njaa. Dada, leo hata mkate hakuna. Rukia alimjibu avumilie, mkataba ni miaka miwili, na miaka miwili si mingi. Nadhani wote tunamjua mtu wa kutoa jibu kama hilo. Anakuwa ameshiba.

Mwezi wa tatu, 2015, Sabra alitoroka. Alitembea kutoka Abu Hamour mpaka mfereji ule, na anayelijua jiji lile anajua hiyo ni safari gani kwa miguu. Siku hiyo meneja alikuwa amepanda boti kukagua, wageni wameshashuka, na kwa kuwa aliamka vizuri akawaruhusu wale masalio mbele yake. Walipofika daraja la tatu, Rukia alikuwa na sambusa mkononi. Juu ya daraja alisimama msichana aliyevaa sare ya kazi za ndani, ya buluu, ukosi mweupe, ndala mbili zisizofanana.

"Dada Rukia! Dada, nina njaa!"

Meneja aliinua kichwa, akamuuliza Rukia kama anamjua yule. Kulikuwa na habari mjini za wafanyakazi waliorudishwa makwao kwa kuwaficha waliotoroka. Rukia alifikiria kazi yake. Alimaliza kwanza kutafuna sambusa, akameza, kisha akasema kwa Kiingereza chake kizuri kwamba hamjui. Ndirangu alikuwa ameshika usukani, na neno dada ni dada Nyeri kama lilivyo Tanga. Akatazama mbele. Meneja akapiga simu, mlinzi akaja, akamshika msichana mkono. Hakulia wala hakupiga kelele. Alikuwa akiangalia ile sahani.

Walimrudisha alikotoka. Siku ya kumi na moja akafa usingizini. Wakasema moyo.

Maiti ililetwa Tanga, na mama yao akasema hakuna atakayemwosha mwanawe ila yeye. Tulimwita Mama Rukia, kama ilivyo desturi, kwa jina la kifungua mimba wake. Mwanamke mcheshi, mnene wa afya, mikono haikai bila kuwa na chombo. Alipotoka kumwosha Sabra alikuwa mtu mwingine. Aliwaambia wanawake wenzake kwamba alimgeuza mwanawe kwa mkono mmoja. Mkono mmoja tu, kama anageuza mtoto wa miaka sita. Tangu hapo kila alipopiga simu Doha aliuliza swali lile lile: "Rukia, mwenzio alikuwa akila?"

"Alikuwa akila vizuri, mama. Ulikuwa moyo tu."

Kama kuna kitu kimoja Rukia alikiogopa hapa duniani, ni mama yake kuujua ukweli wa siku ile ya daraja. Si kazi tena, si meneja. Alijua mama yake ana moyo wa kusamehe karibu kila kitu, na alijua pia hili halimo ndani ya hiyo karibu.

Sasa, Januari 2017, mama huyu alikwenda Makka kufanya umra kwa niaba ya marehemu Sabra, na njia ya kurudi nyumbani ikapitia Doha. Wakati huo walikuwa wameanza kutoa viza ya kupita ya siku nne. Rukia akafurahi mno, kwa sababu kampuni humpa kila mfanyakazi aliyetimiza miaka mitatu zawadi ya kuzungushwa mfereji kama mgeni, na ndugu zake, na chakula chote. Hakuwahi kukaa kwenye kiti cha mgeni hata mara moja. Na atampandisha nani kama si mama yake?

Aliomba jambo moja tu. Alimwita Ndirangu pembeni asubuhi ya safari akamwambia apite mfereji wa upande wa pili, wasipite daraja la tatu.

"Sawa tu," Ndirangu alisema, bila kuuliza sababu. Hakuwa na haja ya kuuliza.

Mama alipanda boti saa tisa na nusu, kanga mbili juu ya baibui, miguu bado imevimba kwa kuzunguka Al-Kaaba.

"Shikamoo, mama," Ndirangu alimwamkia. Rukia ndiye aliyemfundisha.

"Marahaba, baba. Hivi hii ndiyo kazi yenu? Kuzungusha watu wazima kwenye maji ya kuoga?"

Walicheka wote. Meza ilikuwa imejaa: sambusa za nyama, kebabu, tende, hamasi ya dengu zilizopondwa, mikate laini, juisi, keki ndogo ndogo, karak kwenye chupa. Rukia akampakulia mama yake kwa mkono wake. Mama akaonja karak, akakunja uso, akasema chai hii imechemshwa mpaka imeomba msamaha. Kisha akamega sambusa. Na kwenye daraja la kwanza, kama mlivyokwisha kujua, akamwona mfagiaji.

"Karibu, baba!"

Mfagiaji akapunga ufagio. Ndirangu akacheka mpaka boti ikayumba. "Kumbe hii kitu ni ya familia!"

Daraja la pili alimkaribisha yaya na mtoto kwenye kigari. Rukia naye alicheka. Upepo ulikuwa mzuri, mama yake alikuwa anakula, na kwa mara ya kwanza tangu msiba hakuwa ameuliza lile swali. Rukia alijiambia kwamba huenda limekwisha. Huenda Makka imelimaliza.

Walipofika njia panda, mfereji wa upande wa pili ulikuwa umefungwa kwa kamba ya maboya ya machungwa. Wazamiaji walikuwa wakisafisha.

Ndirangu alimtazama Rukia. Boti haiwezi kusimama pale. Nyuma yao palikuwa na boti nyingine. Akakata usukani kushoto, kuelekea daraja la tatu.

Rukia aliinamisha macho. Aliangalia sahani yake. Alikuwa ameamua kutoinua uso mpaka wapite.

"Masikini," alimsikia mama yake akisema, chakula kikiwa mdomoni. "Yule binti kasimama juani peke yake. Karibu, mwanangu! Karibu chakula!"

Na juu ya daraja mtu akajibu.

"Ahsante, mama. Nimekaribia."

Kwa Kiswahili. Kwa sauti ya Makorora.

Boti ikaingia chini ya daraja. Daraja lile ni la chini, mtu mrefu huinama, na kwa muda wa kuhesabu mpaka tano hakuna jua. Moja. Mbili. Boti ilizama kidogo nyuma, vile inavyozama mtu anapopanda. Ndirangu aliusikia uzito ule kwenye usukani, na mpaka leo anauapia. Halafu jua likarudi.

Ndirangu akageuka. Daraja lilikuwa tupu. Kiti cha tatu, mkabala na mama, kilikuwa kitupu.

Lakini mama alikuwa amekwisha kusogeza sahani upande ule.

"Kula, mwanangu. Kula taratibu, usije ukapaliwa."

Rukia alitazama kiti. Hakuna mtu. Mto wa kiti ulikuwa umebonyea katikati.

"Mama," alinong'ona. "Unazungumza na nani?"

Mama alikuwa akitazama kile kiti kwa uso ambao Rukia hakuwa ameuona kwa miaka miwili. Uso wa zamani, wa kabla ya kuosha maiti. Akamimina juisi. Akasogeza bilauri. Sambusa zilikuwa sita. Rukia akakiangalia kile kiti tena, akarudisha macho mezani. Zilikuwa nne.

Kisha akasikia kutafuna. Si kwa nguvu. Mtu anatafuna haraka, kwa kiherehere, kama anayejua atanyang'anywa.

"Mbona umekonda hivi?" mama aliuliza kiti.

Kutafuna.

"Kufuli? La nini, jikoni?"

Kimya.

"Na dada yako ulimwambia?"

Ndirangu hakugeuka tena. Aliniambia alishika usukani kwa mikono miwili, akaanza kusema Baba Yetu kwa Kikikuyu, na kila alipofika kwenye mkate akasahau mbele.

"Ulimwambia mara ngapi?"

Mama alikuwa akitikisa kichwa pole pole, kama anayefuata hesabu ndefu. Boti ilikuwa inakwenda. Watu walikuwa wakipiga picha ukingoni. Mtoto mmoja aliwapungia mkono.

"Ukaja kwa miguu," mama alisema. "Mpaka hapa. Akakuona?"

Kimya.

"Alikuwa anafanya nini?"

Kimya.

"Anakula."

Hakuliuliza hilo. Alilirudia tu. Kisha akageuza shingo, akamtazama Rukia.

Nataka mlielewe jambo hili vizuri, kwa sababu Rukia mwenyewe amelirudia kwangu zaidi ya mara kumi. Mama yake hakuwa amekasirika. Alikuwa anampa nafasi. Alimshika mkono, mkono wenye mafuta ya sambusa, akamuuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayemwomba mtoto atoe alichokificha nyuma ya mgongo.

"Rukia. Huyu hapa. Unamjua?"

Na Rukia akatazama kile kiti.

Safari hii alimwona.

Aliona magoti kwanza. Sare ya buluu. Ukosi mweupe uliogeuka manjano. Ndala mbili zisizofanana, moja nyekundu. Aliona mikono miwili, mifupa mitupu na ngozi, imeshika sambusa kwa vidole vyote kumi. Hakuthubutu kupandisha macho mpaka usoni. Alisikia kutafuna kumesimama.

Walikuwa wakimngoja. Wote wawili.

Angesema namjua. Neno moja. Angesema ni Sabra, mama, ni mdogo wangu, nilimkana. Kiumbe kile kilikuwa kimeshamwambia mama kila kitu; hapakuwa na siri iliyobaki ya kulindwa. Lakini woga una mazoea yake, na ulimi ulikwenda wenyewe ulikokwisha kwenda siku nyingine, mahali pale pale, kwenye maji yale yale.

"Simjui," Rukia alisema.

Kutafuna kukaanza tena.

Mama aliachia mkono wake. Hakuutupa, aliuweka tu mezani, kando ya sahani, kama kijiko cha mtu mwingine. Akageukia mbele.

"Baba," alimwita Ndirangu. "Huyu mwanamke aliyekaa hapa ni nani?"

Ndirangu alidhani hakusikia vizuri. "Ati nani, mathe? Huyo ni Rukia. Si ni msichana wako?"

Mama alimtazama Rukia toka utosini mpaka miguuni, kwa adabu, kama unavyomtazama mgeni aliyeingia nyumba siyo.

"Simjui," alisema.

Boti ikafika gati. Mama akashuka mwenyewe, mkono wake wa kushoto umenyooka pembeni, vidole vimekunjwa, kama ameshika mkono wa mtu mfupi kuliko yeye. Rukia alimkimbilia, alilia, alipiga magoti pale pale kwenye marumaru watu wakitazama. Mama akamkwepa kwa heshima zote. "Samahani, mwanangu, unanizibia njia." Mwanangu ile ya kumwambia mtu yeyote.

Ndirangu ndiye aliyemsindikiza uwanja wa ndege kesho yake. Kwenye dawati walimuuliza kama anasafiri na mtu. Alisema yuko na mwanawe. Yule binti wa dawati akachungulia nyuma yake, hakuona mtu, akampa kiti cha dirishani na cha pembeni yake akakiacha wazi. Rukia alikuwa amesimama nyuma ya kamba, anamwita. Mama aligeuka mara moja tu, akauliza yule anayelia ana msiba gani.

Rukia hakudumu Doha. Kila alichotaka kula alikikuta kimetangulia kuumwa. Mkate aliotoka kuufungua. Tofaa alilolichukua dukani. Mwezi wa tatu alianguka na sinia mbele ya wageni, kampuni ikamkatia tiketi, akarudi Tanga na begi moja na nguo zinazompwaya.

Sasa niwaambie nilichokiona mimi.

Mama yule hula chakula chake cha mchana ukumbini, mlango wazi, kama zamani. Anapakua sahani mbili. Kila apitaye anakaribishwa: muuza mkaa, watoto wa shule, mzee Twaha na baiskeli yake, hata mbuzi wa jirani nimemsikia akimkaribisha. Amenenepa tena. Anacheka. Ukimwita Mama Rukia haitikii. Mimi nilijisahau siku moja, nikamwambia, "Mama Rukia, mwanao yuko mlangoni." Akanisahihisha bila kununa.

"Naitwa Mama Sabra, baba. Ninaye mmoja tu. Karibu chakula."

Na Rukia alikuwa pale mlangoni kweli. Kila siku yuko pale. Anafika adhuhuri, anasimama kizingitini, ametoa macho kwenye sahani, anangoja neno lile moja ambalo mama yake anampa kila mtu mpaka mbuzi. Mama humtazama. Anamwona, msidhani hamwoni. Anamtazama, anatafuna, anameza. Kisha muuza mkaa anapita nyuma ya Rukia, na mama anainua sauti juu ya bega lake: "Karibu, baba!"

Siku hiyo huruma ilinishika. Nilikwenda kwangu, mke wangu alikuwa amekaanga sambusa. Nikaweka nne kwenye sahani, za moto, nzima, nilizipanga kwa mkono wangu. Nikafunika kwa kawa. Nikavuka barabara nazo, hatua thelathini, sikumsemesha mtu, sikuiweka sahani chini. Nikampa Rukia. Mkono wake ulipoipokea niliogopa usivunjike.

Akafunua kawa.

Mbili hazikuwepo. Zilizobaki, moja ilikuwa nzima, moja imeumwa, bado inatoa moshi. Nilisogea karibu. Mng'ato ulikuwa mdogo, wa msichana, na katikati yake palikuwa na kinundu.

Nilitaka kukimbia. Rukia hakushtuka hata kidogo. Aliichukua ile nzima kwa vidole vyote kumi, akaanza kula haraka haraka, na akanitazama kwa shukrani ambayo sitaki kutazamwa nayo tena.

"Leo kaniachia," alisema.